Mzinga wa Mtandao

Siku ya kumzika baba yangu, Kornel, paroko alisoma historia ya marehemu kutoka kwenye karatasi moja. Alizaliwa Usoke, akabatizwa akiwa na siku nane, akamwoa Pelagia, akajaliwa watoto wawili, akawa katekista wa kigango chetu cha Itetemia kwa miaka ishirini na tisa, akarina asali tangu ujana wake, akaitwa na Mungu katika wiki ya tatu ya Kwaresima kwa ugonjwa wa moyo. Yote ni kweli. Lakini paroko alipokuwa anasoma, kule nyuma nilisikia watu wakiulizana kwa sauti ya chini, "Mbona hajautaja mzinga?" Karatasi ile niliiandika mimi, Gaudensia, binti yake. Mzinga niliuacha kwa kuona si jambo la kusomwa mbele ya jeneza. Nilikosea. Naandika sasa ili nirudishe nilichokiacha.

Baba alikuwa na kazi mbili zilizovutana. Jumapili alitakiwa awe kigangoni, maana padre alifika kwetu mara moja kwa mwezi, na ibada nyingine zote aliziongoza yeye. Lakini msimu wa asali ukifika alitakiwa awe msituni, kusini ya Urambo, wiki tatu, wiki nne, wakati mwingine sita. Alikwenda kwa baiskeli yake ya Phoenix, siku mbili na nusu njiani, madumu matupu yakigongana nyuma. Alipenda kusema kwamba anapita njia ya babu wa babu yake, aliyebeba pembe begani mwake enzi za misafara.

"Tofauti yetu ni moja tu," alisema. "Yeye kila alipofika aliuliza maji yako wapi. Mimi nauliza mtandao uko wapi."

Na kweli aliuliza. Kaka yangu Bernardo, ambaye ni fundi umeme Dodoma, ndiye aliyemnunulia simu ya kwanza ya kugusa. Baba alijifunza haraka kuliko tulivyotarajia, kwa sababu alikuwa na shida nayo: alitaka kuhubiri Jumapili hata akiwa porini. Mama alisoma masomo ya Misa kigangoni, akaongoza sala, lakini mahubiri alisema si yake. Basi baba aliyarekodi kwa sauti na kuyatuma kwenye kundi la jumuiya, na mama aliiweka simu yake kwenye kipaza sauti. Ila ili yafike, ilibidi mtandao upatikane, na njia ile ina mtandao kama shamba lina mvua ya vuli: hapa panalowa, hatua kumi mbele ni vumbi.

Alikuwa na daftari la shule. Upande wa mbele aliandika majina ya wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa. Upande wa nyuma aliandika mtandao. Ninalo hapa mezani. Mwandiko wake umelala upande wa kulia, kama mtu anayesukuma baiskeli mlimani:

"Kichuguu cha pili baada ya kuvuka reli. Panda juu, tazama mashariki."

"Duka la mama Muha. Mlangoni upo. Ukiingia ndani umepotea."

"Mto mkavu. Hakuna. Usijisumbue."

Mungu anisamehe, mimi na Bernardo tulimcheka. Lakini wachunga ng'ombe na vijana wa bodaboda waliokuwa wanakwenda upande ule walikuja nyumbani Itetemia kunakili kurasa zile, na mama aliwapa kalamu.

Shida kubwa ilikuwa kambini kwenyewe. Pale chini hapakuwa na kitu. Siku moja baba alikuwa juu ya mti akitundika mzinga, simu ikiwa mfukoni, mara ikaanza kulia mfululizo: salamu za siku nne, tangazo la msiba, mama akiuliza jembe dogo amelificha wapi. Baba alikaa kwenye tawi, akasoma zote, akazijibu, ndipo akashuka. Kuanzia siku hiyo alijua kwamba mtandao wa kambi ile unapita juu ya vichwa vyao. Lakini alikuwa na miaka sitini na moja, na goti la kushoto lilikuwa limeanza kumkatalia. Hangeweza kupanda mti kila anapotaka kusema na watu.

Bernardo ndiye aliyemweleza habari ya hotspoti. Nilikuwepo siku hiyo, baba ameshika simu mbili: ile mpya, na ile yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, niliyompa.

"Unaweka laini yenye bando kwenye hii ya zamani," Bernardo alimwambia. "Unabonyeza hapa. Hii nyingine haina laini, lakini inakula kwa mwenzake."

Baba alifikiri. "Kwa hiyo ya juu inaigawia ya chini."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nabaki chini."

"Unabaki chini."

"Basi ni kama mtakatifu," baba akasema. "Yuko juu, anatupitishia. Mbona hukuniambia mapema, ukanizungusha na maneno ya Kizungu?"

Wiki ile ile alichonga mzinga. Mizinga yetu ya asili ni ya gome la mti, limeviringwa kama pipa na kuzibwa pande mbili. Huu aliufanya mdogo, urefu wa mkono, akauwekea kipande cha blanketi ndani. Simu ya zamani ililala humo pamoja na betri ya kuchajia. Kwa mrina asali kutundika mzinga ni kazi ya dakika tatu: unarusha kamba juu ya tawi, unafunga, unavuta. Kila alipopumzika njiani alifanya hivyo. Kulikuwa na usumbufu mmoja: ile simu, ikikaa dakika kumi bila mtu wa kuigawia, hotspoti ilijizima. Ikijizima, inabidi ushushe mzinga, ubonyeze, upandishe tena. Baba hakuona taabu. Alishazoea kushusha na kupandisha mizinga tangu akiwa kijana.

Wachunga ng'ombe wa njiani walimzoea. Walipoona mzinga mdogo unaning'inia pasipo na mizinga mingine walijua Katekista amefika, nao walikuja na simu zao: "Shikamoo, Katekista. Tupandishie na sisi." Aliwagawia, lakini kwanza aliwauliza kama wamesali asubuhi.

Mwenzake wa kambini alikuwa Mhoja, Msukuma wa Igunga, mrina asali hodari. Mhoja hajabatizwa mpaka leo, na alimtania baba miaka yote. "Wanyamwezi mmechoka kubeba mizigo," alimwambia, "sasa mnabebesha miti." Baba naye alimjibu kwamba Msukuma akipewa simu ataitafutia zizi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Mwaka huo mama alipata uvimbe tumboni. Tabora wakamwandikia rufaa, tukaenda naye Mwanza, mimi na baba. Upasuaji ulipangwa, ukaahirishwa. Ukapangwa tena, ukaahirishwa tena. Ilikuwa Juni, asali imeiva, na asali ile ndiyo tuliyoitegemea kwa matibabu. Baba alikaa kwenye benchi la wodi siku kumi na tano akiwa hajui afanye nini na mikono yake. Mama ndiye aliyemfukuza.

"Nenda, baba Bernardo. Nyuki hawasubiri mtu."

"Na wewe?"

"Mimi nina Gaudensia. Na wewe una mzinga wako. Kila siku saa sita tunasali Malaika wa Bwana kama tukiwa nyumbani. Siku ya upasuaji pia. Nikisikia umesali, naingia. Nisiposikia, siingii."

Nilidhani ni maneno ya kumtuliza tu. Lakini mama yangu hana maneno ya namna hiyo. Nyumbani kwetu, kwa miaka thelathini na zaidi, baba ndiye aliyeanza sala ya saa sita na mama ndiye aliyeitikia. Jembe liliwekwa chini, sufuria ilishushwa jikoni, wakasimama. Hakuna siku niliyomwona mama akiianza sala ile mwenyewe.

Tarehe mpya ilitoka: Alhamisi, saa sita na nusu mchana. Baba alipata habari kambini jioni ya Jumanne. Kwa baiskeli asingeweza kuiwahi Mwanza. Jumatano saa sita walisali pamoja, sauti ikiwa safi kama yuko chumba cha pili. Alhamisi asubuhi, saa moja, alituma ujumbe wa sauti: "Mama Bernardo, umeamkaje? Mimi nipo. Saa sita." Baada ya hapo, kimya.

Wodini, saa tano na nusu, mama alikuwa ameshavaa gauni la kijani, rozari imezunguka kiganja. Nesi alikuwa dada mmoja mpole aitwaye Levina. Alikuja na fomu ya kukubali upasuaji.

"Mama Pelagia, weka sahihi hapa, mama yangu."

"Bado."

"Bado nini tena? Chumba kiko tayari."

"Namsubiri mume wangu."

"Anakuja saa ngapi?"

"Haji. Yuko porini."

Nesi Levina alinitazama mimi. Nikaeleza habari ya sala, ya mzinga, ya hotspoti. Nilipokuwa naeleza niliyasikia maneno yangu jinsi yalivyokuwa ya ajabu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuka kabisa kutusikiliza.

"Sikiliza, mama," nesi akasema. "Daktari ana wagonjwa wanne leo. Ikifika saa sita na robo hujaweka sahihi, nampeleka mwingine, na wewe utarudi kwenye orodha. Orodha imefika mwezi wa saba. Na uvimbe wako, unajua alivyosema daktari."

"Najua," mama akasema. "Hausubiri."

"Sasa?"

"Sasa ni saa tano na nusu."

Nilimtumia baba ujumbe. Tiki moja. Nikatuma mwingine. Tiki moja. Nikapiga, ikaita mpaka ikakatika bila kupokelewa. Nilitoka nje, nikarudi, nikainamisha simu, nikaiinua. Nilikuwa nimeanza kumkasirikia mama, na nikamkasirikia baba zaidi. Nilimnong'oneza mama aweke sahihi, akasali baadaye. Alikuwa anasogeza punje moja ya rozari kwa kidole gumba, na baada ya muda nikaona kwamba ni punje ile ile.

Yaliyokuwa yanatokea kambini niliyajua baadaye, na Mhoja ameyasimulia upya mwaka huu kwenye msiba, amesimama katikati ya watu.

Jumatano jioni walirina mizinga sita. Kundi moja la nyuki walilifukiza moshi vibaya, likahama. Kundi likihama hutafuta nyumba, na nyuki hawachagui nyumba kwa macho. Huchagua kwa harufu. Ndiyo maana mrina asali akitundika mzinga mpya huupaka nta ndani kwanza, wanuse, waingie. Sasa baba, siku alipotengeneza ule mzinga wake wa simu, alikuwa ameupaka nta. Hakukusudia. Kwa miaka arobaini na zaidi mkono wake haujawahi kufunga mzinga usiopakwa nta, nao ukapaka wenyewe wakati yeye akiwaza mambo ya laini na bando.

Alhamisi, yapata saa nne, wakiwa wanachuja asali, Mhoja alisikia mvumo. Akainua kichwa.

"Katekista."

"Mh."

"Umepata waumini wapya."

Baba alipotazama juu, mdomo wa mzinga mdogo ulikuwa mweusi kwa nyuki, wanaingia kama watu wanaowahi viti. Ndani mlikuwa na simu, na ndani ya simu mlikuwa na laini. Hotspoti ilikuwa imejizima tangu asubuhi. Simu ya Mhoja ilikuwa kitochi cha mtandao mwingine, usiofika msitu ule hata ukipanda mbinguni.

"Tusubiri jioni," Mhoja akasema. "Jioni tunawapiga moshi taratibu, tunakutolea simu yako."

"Jioni haifai."

"Mchana huu? Na hawa tuliowachoma moshi jana? Watakuua, mzee."

"Mama Bernardo anaingia saa sita na nusu."

"Ataingia tu. Madaktari wapo."

"Haingii," baba akasema. "Humjui. Haingii."

Alianza kwa kujaribu njia nyingine, maana hakuwa mjinga. Alipanda baiskeli akaenda mpaka kilima kimoja kilichokuwa kwenye daftari lake, akidhani labda atakuta wachunga ng'ombe wenye simu. Hakukuta mtu. Akarudi. Kwenda na kurudi kulimla saa moja unusu. Ikawa saa tano na dakika arobaini na kitu, na jua limekaa utosini. Mhoja alikuwa ameshawasha mienge miwili ya magome, kwa sababu, alisema, alipomwona anavyokanyaga pedeli alijua hatakuja na simu.

Walikuwa na kofia moja ya wavu na jozi moja ya glavu. Baba alivaa. Mhoja alijifunga kanga kichwani, akabaki macho. Wakaushusha mzinga. Baba akafungua mfuniko wa nyuma, akaingiza mkono kwenye nyuki, akaipata simu. Hapo ndipo alipogundua kwamba simu ya kugusa haimjui mtu mwenye glavu. Alibonyeza, haikusikia. Akabonyeza tena. Akaivua glavu kwa meno. Halafu kioo kilikuwa kimepasuka na wavu ulikuwa mbele ya macho, haoni panapoandikwa nini. Akaufunua wavu.

"Nikamwambia, Katekista, shusha huo wavu!" Mhoja aliwaambia watu msibani. "Akaniambia, Mhoja, mimi ni mzee, sioni. Kidole kimejaa asali, simu inateleza, anaifuta kwenye shati, anabonyeza, nyuki wako kwenye kope. Na hatukani! Mimi ninayechoma moshi ndiye niliyekuwa natukana. Kwa Kisukuma, ili Mungu wake asielewe."

Hotspoti ilipowaka hapakuwa na muda wa kutafuta chombo kingine; alirudisha simu ndani pamoja na nyuki wake, Mhoja akavuta kamba, mzinga ukapanda. Lakini mambo hayakuishia hapo. Nguvu ya simu ile ilifika chini ya mti, hatua nane au tisa tu kutoka kwenye shina. Nyuki wenye hasira nao walikuwa chini ya mti. Baba alijaribu kusogea mbali, mtandao ukakatika. Akarudi, ukashika. Hivyo hakuwa na pa kukimbilia. Alisimama pale pale, na Mhoja akamzungushia moshi.

Wodini ilikuwa saa sita na dakika saba. Nesi Levina alikuwa amesimama mlangoni, fomu mkononi. Tiki yangu ya kwanza ikawa mbili. Zote zikawa mbili, na simu ikalia mkononi mwangu, ya video.

Nilipoipokea sikumtambua mtu niliyemwona. Jicho moja limefunga. Mdomo wa juu umetoka kama wa bata. Nyuma yake moshi mtupu. Nikampa mama simu.

Mama aliisogeza karibu, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, mama Bernardo." Sauti ilikuwa yake, ila imejaa mdomoni.

"Kornel?" Mama hajawahi kumwita baba jina lake mbele yetu. "Mbona unafuka? Umekufa? Uko toharani?"

Kitanda cha jirani kikacheka. Nesi Levina akaziba mdomo. Mama mwenyewe akaanza kucheka, tumbo lake bovu akilishika kwa mkono mmoja, machozi yakimtoka, na kule kwenye kioo nilisikia sauti ya Mhoja ikipiga kelele, "Shemeji, msalisheni haraka, mumeo anaisha!"

"Saa sita imepita," baba akasema. "Nisamehe. Twende."

Akaanza. Wagonjwa walioweza kukaa wakakaa, hata wale wasio wa kanisa letu. Baba alisema mstari wa kwanza, mama akaitikia. Wa pili, akaitikia. Katikati alisimama mara mbili, tukamwona anajipiga shavuni. Kwenye mstari wa tatu picha iliganda, amefumba lile jicho zima, mkono uko kifuani. Sauti ikaendelea kidogo, maneno manne au matano, nayo ikakatika.

Mama alisubiri. Halafu aliitikia sehemu yake, polepole, kwa simu iliyoganda, mpaka mwisho. Akafanya ishara ya msalaba.

"Lete fomu," akasema.

Walimtoa uvimbe mkubwa kama embe la dodo. Daktari alisema tungechelewa wiki chache ungekuwa umeshika sehemu nyingine. Baba alilala kambini siku mbili, Mhoja akimpaka maji ya chumvi na kumhesabia miba: arobaini na mbili usoni na mkononi, na mingine, Mhoja husema, mahali pasipotajwa mbele ya katekista. Ndugu wengine walisema alifanya upumbavu, kwamba mtu wa umri wake angeweza kufa kwa nyuki wale, na mama angekuwa mjane akiwa mezani kwa daktari. Sitawabishia. Nilimwuliza baba mwenyewe, miezi mingi baadaye, kama hakuogopa. Alisema aliogopa sana. "Lakini nilikuwa nimemwambia saa sita," akasema, akaendelea kusuka kamba.

Simu aliitoa jioni ya Alhamisi ile kwa moshi wa taratibu, kama Mhoja alivyoshauri tangu mwanzo. Mzinga hakuwanyang'anya nyuki. Aliutundika vizuri, akauchora kwa kisu herufi ya P, akatengeneza mwingine kwa ajili ya simu, na huo hakuupaka nta. Asali ya mzinga wa P haikuuzwa kamwe. Ni kidogo, chupa mbili tu kwa msimu, na kila mwaka ilifika Itetemia imefungwa kwa kitambaa, akampa mama mkononi kabla hajamsalimia mtu mwingine.

Mama yuko hai. Baba ndiye aliyetangulia. Moyo wake ulisimama alfajiri akiwa anavaa viatu vya kwenda kigangoni.

Tulipomaliza arobaini, ndugu walikaa kuzungumzia mizinga. Wengine walitaka wapewe watu wa Urambo wairine, kwa kuwa Bernardo yuko Dodoma na mimi ni mwanamke, nakaa Ipuli, Tabora mjini, na cherehani yangu, na huko msituni wanawake wa ukoo wetu hawajawahi kwenda. Nilisema nitakwenda mimi. Baba mdogo aliuliza, "Utapita wapi, wewe? Njia unaijua?" Nikamwonyesha daftari.

Tulikwenda Juni hii, Bernardo akiwa amechukua likizo, mimi nikiwa kwenye Phoenix ya baba na mzinga mdogo umefungwa nyuma. Kichuguu cha pili kipo. Mama Muha amehamisha duka, nimesahihisha kwa kalamu. Kwenye mto mkavu Bernardo alisimama akatoa simu yake mpya, akaizungusha pande zote. Nikamsomea: "Hakuna. Usijisumbue." Tukacheka, tukaendelea na njia.

Mhoja alitupokea kambini. Aliusimamia mzinga wa P kama askari, hakumruhusu mtu kuugusa. Siku ya pili, saa sita kasoro dakika tano, nilirusha kamba. Mara ya kwanza ilianguka. Ya pili ikaanguka. Ya tatu ikapita juu ya tawi, Mhoja akasema, "Ee, damu haipotei." Nikabonyeza, nikafunga, nikavuta.

Mama alipokea mara moja. Alikuwa amekaa uani, amevaa kitenge cheusi.

"Gaudensia. Mbona hufuki?"

"Leo sifuki, mama."

"Nionyeshe mzinga wangu."

Niligeuza simu. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka, na herufi ya baba ilionekana vizuri kwenye gome, imefifia kidogo upande mmoja. Mama aliutazama muda mrefu. Bernardo alikuwa ameshavua kofia. Mhoja, ambaye si wa kanisa lolote, aliweka dumu chini.

"Saa sita imefika," mama akasema.

Nikasubiri aanze. Yeye alikuwa ananitazama mimi, midomo imefungwa, rozari kiganjani, kama mtu anayejua kwamba kazi yake ni kuitikia. Nikapiga ishara ya msalaba, nikaanza.